Msimuulize Aliua Wangapi

Wanangu, Desemba iliyopita, korosho zimeuzwa na mifuko ina kitu, tulioza binti yetu huku Rondo. Mjomba wangu, mgambo wa Vita vya Kagera, aliketi mbele pamoja na wazee wenzake. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Mzee wetu huyu alimpiga Amin! Hebu tuoneshe gwaride!" Watu wakapiga makofi. Mjomba akasimama, akaitafuta fimbo yake, akaondoka. Pilau hakula. Na wajukuu zake wa damu walikuwa wameinua simu, wanamrekodi.

Ndiyo maana naandika.

La kwanza, na ndilo linalonichoma: usimuulize mtu aliyetoka vitani aliua wangapi. Najua mjukuu na babu wana utani wao. Mnyang'anye kiti, mdai mke wake, mcheke kibogoyo chake, hakuna atakayekukemea. Lakini utani huo haufiki vitani. Vijana wetu waliokwenda vita ile walitoka pembe hii ya kusini mashariki, mikono imezoea jembe na panga la kufyekea mikorosho, wakapelekwa pembe ya kaskazini magharibi, ambako majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia mwishoni mwa Oktoba 1978 na kuvunja daraja la Kyaka. Wakavuka Mutukula, wakapita Masaka, wakapigana Lukaya kwenye kinamasi, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Njia hiyo yote walipoteza wenzao. Wengine wamelala Kaboya, wilayani Muleba, mbali na makaburi ya mama zao. Ukimwambia "babu, uliua wangapi?" unamtaka ahesabu maiti mbele yako, na katika hesabu hiyo wamo rafiki zake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Muulize mengine. Walikula nini? Nani alikuwa mcheshi kati yao? Barua ya nyumbani ilimfikia? Au usiulize kitu. Neno la kwanza ambalo mjomba aliniambia kuhusu vita, miaka mingi baada ya kurudi, lilikuwa habari za migomba. Alisema hajawahi kuona migomba mingi kiasi kile, na kwamba usiku upepo ukiyapiga majani yake unasikia watu wanatembea. Nilimmiminia chai nikanyamaza. Akaendelea mpaka adhana ya alasiri.

Mzee aliyetoka vitani usimwamshe kwa kumtikisa. Simama mlangoni umwite kwa upole mpaka aitike.

Fataki za harusi na za mwaka mpya, pelekeni mbali na nyumba yake.

Kisha kuna hili la kuwapanga watu kwa madaraja: "Yule alikuwa JWTZ, huyu mgambo tu." Hilo "tu" silivumilii. Risasi haikuwauliza vyeo. Na sisi wa huku tungepaswa kulijua kuliko wengine. Oktoba 1917, Wajerumani na Waingereza walipochinjana huko bondeni, Mahiwa na Nyangao, mizigo ya pande zote mbili ilikuwa vichwani mwa Waafrika. Kariakoo ya Dar es Salaam, mnakonunua mashati, imepata jina kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Kama babu wa babu yako alibeba sanduku la risasi, au alipika uji wa askari, vita aliiona. Mtajeni kwenye dua.

Mke wa mpiganaji naye mmemsahau kabisa. Alilima peke yake na mtoto mgongoni, hajui kama ni mke au mjane. Mume akarudi, na yeye ndiye aliyekesha akimtuliza kila alipoweweseka usiku. Ukifika nyumbani kwao, shikamoo yake isiwe ya kupitiliza.

Medali sasa. Kijana mmoja, simtaji maana ni damu yetu, alimuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu medali ya babu yake. Nililia kama aliyefiwa. Medali, vyeti, kitambulisho na picha vifungeni kwenye nailoni unyevu wa masika usivifikie, mviweke sandukuni, na ukoo umkabidhi mtu mmoja mwenye akili timamu. Mzee akitaka kuvaa medali yake, mpigieni shati pasi. Asipotaka, msimvalishe kwa ajili ya picha zenu.

Na acheni kumkumbuka tarehe 25 Julai peke yake. Siku ya Mashujaa ina heshima yake, bendera na mashada, lakini mzee hali shada la maua. Nimekaa matangani nikasikia hotuba tamu juu ya mzee ambaye nyumba yake ilivuja masika mbili mfululizo, na wasemaji walikuwa wanawe. Uungwana ni vitendo, na ile ilikuwa aibu.

Aliyekwenda na miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia 70 au ameshaivuka. Kama wako yuko hai, iwe Mnara, Chiponda au kokote, nenda leo jioni kabla ya magharibi. Chukua sukari kilo moja. Simu iache nyumbani.