Mzigo wa Mwenzio

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake, ndugu msomaji, ni kwamba mzigo ukiwa kichwani pa mtu mwingine utauona hauna uzito. Methali hii nilifundishwa shule ya msingi, na kwenye mtihani nikapewa vema. Lakini kuielewa niliielewa nikiwa na miaka ishirini na miwili, usiku, katika stesheni ya Morogoro, nikiwa nimevaa sweta la sufu.

Hebu nianze na hilo sweta. Nililipata sokoni hapa kwetu Tabora, kwenye rundo la mitumba, kwa bei ya sahani mbili za wali maharage. Lilikuwa jembamba kama fulana, rangi ya majivu, na lebo yake ilisema ni sufu tupu ya merino. Washikaji walinicheka: sufu, na jua hili la Unyamwezi? Nikaulizia, nikasoma. Kumbe merino ni kondoo ambao sifa yao ilianzia Hispania, na siku hizi Australia ndiyo inayoongoza kwa sufu yao. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele wa mtu, kwa hiyo haziwashi kama lile blanketi la bweni. Zinanyonya mvuke wa jasho kabla nguo haijagandamana na mwili, hazishiki harufu upesi, na hata zikilowa bado zinakupa joto. Mchana unalivaa, na usiku treni ikipita Dodoma kwenye baridi unalivaa hilo hilo. Yaani nguo moja inafanya kazi ya nguo tatu.

Basi nikajiona nimepata falsafa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, ila nina mswada wa riwaya katika madaftari matatu, na nilitaka kuupeleka Dar es Salaam. Niliamini kwamba mwandishi ni mtu wa njia, hafungwi na kitu. Mfuko mmoja wa mgongoni: mswada, suruali, mswaki, basi. Siku ya safari mama akanijia na dumu la asali, lita tano.

"Baba, mpelekee shangazi yako. Treni ikisimama Morogoro atakuja kuipokea dirishani."

"Mama, safari hii nataka kwenda mwepesi."

Hakubishana. Alilirudisha dumu chini ya kitanda.

Morogoro tulifika usiku. Shangazi alikuwepo, kanga kiunoni, anatoka behewa hili kwenda lile akiita jina langu. Huyu ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tatu na cha nne kwa kuuza maandazi. Aliponiona alinipitishia dirishani mfuko wenye chapati na mayai ya kuchemsha. Kisha akabaki ameinyosha mikono juu, anangoja. Mimi nikaishika mikono ile kumsalimia, kana kwamba ndicho ilichonyooshewa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mama yako mzima lakini?"

Treni ikaondoka. Majuma mawili baadaye mdogo wangu wa kike alilipeleka lile dumu kwa basi, amelipakata njia nzima. Kwa hiyo asali ilisafiri. Ni mimi tu niliyesafiri mwepesi.

Niliporudi Tabora, na mswada wangu kwapani, nilikwenda Kwihara, kilometa chache kutoka mjini, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Nilikuwa natafuta habari za njia ya misafara kwa ajili ya riwaya nyingine. Nikakutana na neno. Leo tukisema mtumba tunafikiria nguo kuukuu kutoka Ulaya. Zamani, katika njia hii ya Bagamoyo hadi Ujiji, mtumba ulikuwa mzigo wa mpagazi, hasa robota la nguo. Merikani na kaniki ndizo zilizokuwa fedha ya safari: posho ililipwa kwa nguo, na hongo kwa watemi ililipwa kwa nguo. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora hii, mwezi Novemba. Nguo zao za kulipia njia hazikujileta zenyewe. Kila mpagazi alibeba kama kilo thelathini, na juu yake mkeka wake na chakula chake. Bwana msafiri alitembea mikono mitupu, au alipanda punda, akaandika kitabu.

Livingstone mwenyewe alipofariki mwaka 1873, Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake hadi pwani, na walipotoka hapa Unyanyembe waliufunga ufanane na robota la nguo, ili upite vijijini bila kuzuiwa. Mpaka kifo kilikuwa mzigo wa mtu mwingine.

Hapo ndipo ninapouliza swali langu: je, msafiri mwepesi ameutua mzigo, au amemtwisha mwingine?

Utanijibu, bwana wee, usiwafanye wapagazi wote kuwa wanyonge. Ni kweli. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, na wao hawakuulizwa. Lakini Wanyamwezi wengi walikuwa watu wa kazi yao, walipatana ujira, na kijana aliyefika pwani akarudi alihesabiwa mwanaume. Uzito ule ulikuwa heshima yake. Nami nakubali, tena hilo ndilo linaloniuma zaidi. Babu zetu walijisifia walichobeba. Mimi nilijisifia nilichokataa kubeba.

Sasa nifanye nini, nilichome sweta? Hapana. Kosa halikuwa la kondoo. Nguo nyepesi ni jambo jema, na asikudanganye mtu kwamba begi zito ndilo adabu. Wapo wanaobeba masanduku matatu na yote yamejaa nafsi zao. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba wepesi ni mwisho wa hesabu, kumbe ni mwanzo tu. Ukipunguza suruali mbili na makoti mawili, umepata nafasi. Swali la maadili linaanzia hapo: nafasi hiyo ni ya nani?

Nadhani hata sisi tunaotaka kuandika tujiulize hivyo. Tunapenda kusema mwandishi lazima awe huru, asibebe ya watu. Halafu tunakula chapati za watu.

Mwezi uliopita nilipanda treni tena kwenda Morogoro. Nguo niliyovaa ni ile ile, kiwiko kimeshatoboka. Begini sikuweka mswada, niliweka madumu mawili. Mkanda ulinikata bega tangu Tabora, na shangazi alipoyapokea dirishani mmoja baada ya jingine, aliguna kwa uzito.

"Haya mazito, mwanangu. Umeyabebaje?"

Nikamwambia ukweli: kwa taabu.