Safari ya Injili Huisha Lini?

Huku Bulwa twajua sana kuaga wageni. Waja kutoka ng'ambo kwa kazi ya Injili, wengine kwa majuma matatu, wengine kwa miaka. Siku yao ikifika twawaimbia, twawafungia ndizi na majani ya chai, twawasindikiza hata motokaa ipotee msituni. Nao hulia. Walia kwa uchungu wa kutuacha, na papo hapo nyuso zao zang'aa, maana watawaona mama zao. Hatuwalaumu kwa hayo. Lakini njiani kurudi nyumbani twaulizana: safari ya namna hii, ni nani awezaye kusema imekwisha? Yeye aliyekuja, au sisi tuliobaki?

Na tumtazame Ludwig Krapf. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka ule ule akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka 1848 alipanda milima yetu hata Vuga, kwa Kimweri, Simba Mwene wa Washambaa. Kimweri alimpokea kwa heshima, akakubali walimu waje nchini. Krapf akaja tena mwaka 1852, na maneno yakawa yale yale. Kisha afya yake ikavunjika, akarudi Ulaya mwaka 1853. Mwenzake Erhardt alikaa Vuga miezi michache mwaka huo, naye akaondoka. Baada ya hapo, kimya. Kimweri alikufa mwaka 1862, walimu hawajaja. Wazao wake wakapigana wao kwa wao, na watu wengi wakauzwa utumwani. Misheni ilianza Magila mwaka 1868, na Mlalo mwaka 1891.

Je, Krapf alikosa? Twasita kumhukumu. Mgonjwa ana haki ya kwenda kwao, wala huko hakuketi bure. Mwaka 1862 alikuja tena kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe, karibu na Mombasa. Na kamusi yake ya Kiswahili ilipigwa chapa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Sote tusomao lugha hii tumekula jasho lake. Walakini ukikopa pishi ya mahindi kwa jirani wa kuume, ukailipa kwa jirani wa kushoto, watu watakusifu kwa ukarimu, na yule wa kuume atalala na njaa. Deni la Vuga lililipwa Ribe.

Hapa kwetu mgeni mmoja alimwambia mtoto, "Mwakani nitarudi, nikusomeshe." Hakusema uongo, siku ile aliamini kwa moyo wote. Miaka miwili mtoto aliuliza habari zake kila motokaa ilipopanda mlima. Sasa haulizi. Nasi tuna kosa letu, tusilifiche: katika karamu ya kuaga ni sisi tumsukumao mgeni aseme atarudi, maana twaona haya akiondoka pasipo kusema.

Wako watakaosema, basi mwema ni yule asiyeondoka, kama Johannes Rebmann, aliyefika mwaka 1846 akakaa miaka 29 pasipo kwenda kwao hata mara moja. Hatusemi hivyo upesi. Naye ilimbidi kurudi mwaka 1875, akiwa kipofu, akiongozwa na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Mwaka uliofuata akafa. Vitabu huiita safari ya Rebmann. Sisi twaona ilikuwa ya Nyondo pia: alivuka bahari kwa kazi ya Injili, akamshika mzee mkono mpaka kwao, ndipo akageuka kurudi kwa watu wake. Hatujui mmisionari mwingine ambaye mwisho wa kazi yake ulikuwa wazi namna ile.

Mwaka jana mgeni mwingine alisimama kuaga, akasema, "Sijui kama nitarudi." Wazee waliguna. Kisha akafungua daftari ya kazi ya kisima, akamwonyesha mtunza fedha kilichotumika, kilichobaki, na mahali ambapo ukuta haujaisha. Akamkabidhi daftari na ufunguo wa stoo. Siku ile machozi yalikuwa machache. Lakini akina mama walimfungia ndizi nyingi, hata dereva akalalamika.