Tumbo ni la Nani?

Kuna neno lisemwalo sana katika miji yetu ya pwani, nalo ni kwamba mtu akila mali yake ya halali, akashiba na akazidisha, hakumkosea mtu yeyote. Tumbo ni lake na mali ni yake. Neno hili lina sura ya haki, na kwa hivyo halifai kukataliwa kwa makelele. Lakini uhalali wa chakula ni jambo moja, na uhalali wa yale tuyafanyayo kwa chakula hicho ni jambo jingine. Kisu kilichonunuliwa kwa fedha safi hakimhalalishii mwenye nacho kujikata mkono.

Na tutazame: ajidhuruye kwa kula, madhara yake huishia kwake peke yake? Mtu mwenye kisukari kilichoachwa miaka bila kuangaliwa hupatwa na kidonda cha mguu ambacho hakifungi, hata mguu ukakatwa. Siku hiyo ni mkewe amwinuaye kitandani, na ni mwanawe aachaye kazi yake ampeleke hospitali. Figo zikiharibika, damu yake haina budi kusafishwa kwa mashine mara mbili au tatu kila wiki, na nyumba nzima huishi kwa kuhesabu siku hizo na gharama zake. Basi wako wapi wale waliosema kwamba tumbo ni la mwenyewe? Mwili wa mtu mzima umo ndani yake haki ya wazazi wake wazee, na haki ya wanawe wadogo, na haki ya jirani ambaye leo au kesho atahitaji mtu wa kubeba jeneza. Anayeuacha mwili wake uharibike, hali ana khiari ya kuuhifadhi, ametumia kitu ambacho si chake pekee.

Hapa yatupasa tujihadhari na ulimi. Kuna watu ambao unene wao umetokana na asili ya kuzaliwa, au dawa, au maradhi. Na kuna wembamba wenye kisukari. Mwenye kumwona mtu mnene barazani akamcheka, naye mwenyewe amalize vikombe vitatu vya chai ya sukari tele, huyo hakuelewa lolote katika jambo hili. Ukubwa wa nguo si mizani ya tabia za watu. Wala makusudio si kujitazama kiooni, maana hiyo ni ibada nyingine ya nafsi, na vijana wetu wa siku hizi wana sehemu yao ya kutosha katika hiyo. Mizani ni kazi: je, mtu aliyefika miaka hamsini aweza kuinuka kutoka chini bila kushika ukuta? Aweza kupanda ngazi za nyumba ya ghorofa akiwa na ndoo ya maji, na kufika juu akiwa na pumzi ya kutoa salamu? Mwili mwepesi tunaoukusudia ni huu.

Huenda msomaji akajibu: “Wazee wetu walikula wali wa nazi na halua, na waliishi.” Ni kweli walikula. Lakini halua ilikuwa ya sikukuu na arusi, haikuwa ya kila alasiri. Nafaka waliitwanga kwa mikono yao. Samaki alitoka baharini siku ile ile. Na aliyekuwa na shughuli ng'ambo alivuta makasia au alikwenda kwa miguu. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alikwisha kuliona jambo hili. Alieleza kwamba sanaa ya udaktari yahitajika zaidi mijini kuliko jangwani, kwa sababu watu wa mijini hula kwa wingi, huchanganya vyakula vya namna nyingi, na viungo vyao havipati mazoezi. Hakusema kwamba nazi ni mbaya. Alisema kwamba wingi ukikutana na kukaa kitako, maradhi hayana budi kubisha hodi.

Ama zama zetu zimeongeza jambo la tatu, nalo ni kukivua chakula uhai wake kabla hakijafika jikoni. Kisa chake chafaa kuelezwa. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, daktari wa Kiholanzi aitwaye Christiaan Eijkman alikuwa Batavia, ambayo leo ni Jakarta, akitafuta sababu ya beriberi, ugonjwa unaodhoofisha miguu na moyo. Kuku wake wa uchunguzi wakaanza kupepesuka kama wagonjwa wenyewe. Kisha, bila dawa yoyote, wakapona. Ikaja kujulikana kwamba walikuwa wakilishwa mabaki ya wali mweupe wa hospitali ya kijeshi, mpaka alipokuja mpishi mpya aliyekataa kuwapa kuku wa raia chakula cha jeshi. Akawapa mchele usiokobolewa sana, na miguu yao ikarudi. Uchunguzi uliofuata katika magereza ya kisiwa cha Java ulionyesha kwamba waliokula mchele uliokobolewa ndio walioshikwa zaidi na beriberi. Eijkman alipata tuzo ya Nobel mwaka 1929. Kilichotupwa pamoja na pumba ndicho kilichokuwa kikiwashikilia watu kwa miguu yao, na waliokitupa walidhani wanasafisha.

Ukitaka ushahidi wa karibu zaidi, mwaka 2019 Kevin Hall na wenziwe huko Bethesda, Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 20, waliokaa nao ndani kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyotengenezwa sana viwandani, na wiki mbili vyakula vya asili visivyoharibiwa, na kila mtu aliachiwa ale apendavyo. Milo ililinganishwa kwa nguvu, sukari, mafuta na chumvi. Walipokuwa katika vyakula vya viwandani, walikula takribani kalori 500 zaidi kila siku, na uzito wao ukazidi karibu kilo moja. Walipokuwa katika vyakula vya asili, ukapungua kiasi hicho hicho. Watu walikuwa ni wale wale, na nia zao ni zile zile. Jambo hili lataka kufikiriwa na sisi tunaohubiri kiasi. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka katika Ihyaa kitabu kizima juu ya kuyavunja matamanio ya tumbo, na mafunzo yake ya wastani yangali yana nguvu. Lakini yeye hakukabiliana na chakula kilichotengenezwa makusudi ili mkono usisite. Leo mtu anayeazimia kula kidogo huku amejaza nyumba vitu hivyo, azma yake imepewa kazi iliyo kubwa kuliko uwezo wake.

Na pwani hatuna udhuru wa kukosa. Marikiti ya Mombasa ina mchicha, mnavu na kisamvu. Ina kunde, mbaazi na pojo. Ina muhogo, viazi vitamu na ndimu. Na changu na tafi hawaagizwi ng'ambo. Mkate wa mofa wa mtama walikuwa nao wazee wetu. Mbaazi za asubuhi ni chakula chema. Kinachofaa kupunguzwa ni mahamri yanayozifuata, na chai iliyo nzito kwa sukari. Chupa ya soda ya mililita 300 ina gramu 30 hivi za sukari, yaani vijiko saba vya chai, na Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ingekuwa bora sukari ya kuongezwa isipite vijiko sita kwa siku nzima. Mtoto anayekunywa moja tu kwa kiu amekwisha kupita mpaka, na bado hajala kitu.

Lililo gumu kuliko yote ni ukarimu. Mwenyeji humjazia mgeni sahani mara ya tatu, na mgeni mwenye kisukari hula kwa kuogopa kumvunjia heshima. Huu si ukarimu. Ni kununua sifa kwa mwili wa mtu mwingine. Na mwezi wa kupunguza kula, katika nyumba nyingi, ndio mwezi ambao kaimati na sambusa huonekana kila jioni, kana kwamba mchana tulikuwa tukikopesha na magharibi twadai deni letu na faida.

Lakini chakula kibichi hakijipiki. Nazi hukunwa, mchicha huchambuliwa, samaki hupaawa magamba. Mwanamume anayerudi nyumbani akaamuru kwamba kuanzia leo hapaliwi illa vya asili, kisha akaenda zake barazani, hakuondoa mzigo juu ya watu wake. Ameuhamisha kutoka hospitali hadi jikoni. Ikiwa hoja yetu ni kwamba mtu asiwatwike wengine uzito wa tumbo lake, basi na aende sokoni yeye alfajiri, na ajifunze kupaa samaki.

Na yuko mchukuzi wa bandarini na fundi wa ujira wa siku, ambaye saa sita hula viazi karai na soda kwa sababu ndivyo vilivyo karibu, na ndivyo vinavyomfikisha jioni. Huyu lawama haimpati sawa na tajiri wake. Tajiri ana ua, ana kivuli, na sufuria kubwa ya kunde na mchicha kwa watu kumi haimgharimu kama apendavyo kudai. Na wale kumi wataibeba mizigo yake alasiri kwa miguu iliyo imara zaidi.