Unga Umeingia Nyumbani, Baba Amekataa Kula

Wakati wa Kwaresima mama mmoja wa parokia yetu alinijia baada ya Misa ya asubuhi. Hakuja kuomba chakula. Chakula alikuwa nacho tayari, na hicho ndicho kilichomletea matata.

Mumewe aliachishwa kazi mwezi wa Novemba. Kodi ya nyumba ilikuwa imelimbikana miezi mitatu, mtoto wa pili amerudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya karo, na siku mbili mfululizo walilala kwa chai ya rangi. Mama huyu akamnong'onezea mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Jumamosi wanajumuiya wanne wakabisha hodi, wakiwa na gorogoro sita za mahindi, maharagwe, mafuta ya kupikia na sabuni. Baba aliwashukuru kwa adabu. Walipotoka tu, akamgeukia mkewe: "Ni nani aliyewaambia kwamba sisi ni maskini?" Akakataa kula. Tangu siku hiyo hawakuwa wakisemezana.

Wengi wenu mtasema upesi kwamba baba huyu ana kiburi. Mimi sikusema hivyo, maana nilikumbuka nyumba nyingine.

Katika Agano la Kale tuna kitabu kifupi ambacho ingefaa mume na mke wakisome pamoja jioni, nacho ni kitabu cha Tobiti. Tobiti aliishi uhamishoni Ninawi. Alikuwa mtu wa sadaka kweli kweli: aliwalisha wenye njaa, aliwavika walio uchi, aliwazika ndugu zake waliouawa, hata akapoteza mali yake kwa sababu hiyo. Kisha akapofuka macho. Jamaa yake Ahikari alimtunza miaka miwili, halafu akahama. Basi mkewe, Ana, akaanza kufuma nguo za watu kwa malipo. Siku moja matajiri wake walimlipa ujira wote, wakamwongezea mwana-mbuzi awe zawadi. Mbuzi akalia mle nyumbani. Tobiti akauliza ametoka wapi. Alipoambiwa ni zawadi hakusadiki. Alimdhania mkewe kuwa amemwiba, akamwamuru amrudishe kwa wenyewe. Ana naye, kwa uchungu, akamuuliza zile sadaka zake zote zimemfaa nini. Mara baada ya hapo tunamkuta Tobiti akilia na kumwomba Mungu amwondoe duniani. Maandiko hayatuambii kama mbuzi alirudishwa.

Tazameni mtu huyu. Miaka yote alitoa, na watu walimjua kuwa mtoaji. Siku ilipokuja zamu yake ya kupokea, hakujua apokee namna gani, hasira yake ikamwangukia aliye karibu naye kuliko wote. Baba wa familia anayepoteza kazi ni kama Tobiti. Ana macho, lakini hapendi kuiona sufuria tupu, kwa sababu kila akiitazama anadhani inamshitaki yeye. Mama hawezi kujificha nayo. Watoto wanamlilia yeye.

Kwa hiyo nilimwambia mama yule asianze kuutetea unga. Arudi, amwombe mumewe msamaha kwa jambo moja tu, kwamba watu wa nje walijua kabla yeye hajaambiwa. Kulisha watoto si kosa, wala asiliombee msamaha. Kisha amweleze bila kupaza sauti yale aliyoyaona mchana yeye akiwa nje kutafuta kibarua.

Na ninyi mnaopeleka msaada, hamkosi la kusikia. Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho tunacho katika parokia nyingi hapa Kenya, kilianzishwa Paris mwaka 1833 na wanafunzi wachache. Mmoja wao alikuwa Frédéric Ozanam, kijana wa miaka 20. Sista Rosalie Rendu ndiye aliyewaelekeza namna ya kuwatembelea maskini majumbani mwao. Ozanam hakuwa padre wala mtawa. Alimwoa Amélie Soulacroix mwaka 1841, wakajaliwa binti mmoja, na mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri. Desturi ya chama hicho ni kwenda wawili wawili, kuketi, kusikiliza, na kutotangaza habari za nyumba ya mtu.

Sisi je? Tunakwenda kundi zima tukiimba, majirani wote wakichungulia. Siku hizi hata gunia linapigwa picha, na kabla maji ya ugali hayajachemka picha iko kwenye simu za parokia nzima. Watoto wa nyumba hiyo watakwenda katekisimu Jumapili na hao hao walioiona! Mimi nasema wazi, picha za namna hiyo ziishe. Tena mwenyekiti akinong'onezewa na mke, atafute njia ya kuzungumza na mume pia, kwa heshima, mtu mzima kwa mtu mzima, amuulize ni nini kinachowalemea zaidi. Pengine si unga.

Nyumba hii haikuwa unga. Baada ya majuma mawili baba alikuja mwenyewe, mkewe akiwa nyuma yake kidogo. Alisema hawezi kuombaomba chakula, lakini kama kuna mtu anayeweza kwenda naye kwa mwalimu mkuu, angeomba karo ailipe kidogo kidogo. Mwenyekiti alikwenda naye Jumatatu, wawili tu. Mtoto amerudi darasani. Yale mahindi yalikuwa yamekwisha zamani. Mama anasema usiku wa tatu baba alikula bila kusema neno, naye hakumsemesha.

Kazi hajapata bado. Kodi ingali deni, na mwenye nyumba amekubali kungoja hadi mwisho wa Juni. Jioni wanaketi pamoja na kuandika kwenye daftari la mtoto nani anawadai na kiasi gani, na mwenyekiti anapobisha hodi, baba ndiye anayemfungulia mlango.