Mgeni Mwenye Elimu: Sadaka ao Haki?

Mwaka 1933 serikali ya Hitler iliwafukuza walimu Wayahudi katika vyuo vikuu vya Ujerumani. Mmoja wao, mganga Philipp Schwartz, alikimbilia Zürich, akaanzisha chama cha kuwatafutia wenzake kazi. Waturuki hawakuwapa posho tu. Waliwapa wanafunzi wa kufundisha kule Istanbul.

Tangu 2015 Ujerumani nayo ina msaada wenye jina la Schwartz, kwa wataalamu waliokimbia kwao. Lakini msaada huo una mwisho; kisha mgeni hukutana na mikataba mifupi na lugha ngumu.

Sisi twasema: kumlisha mgeni ni sadaka, kumfungulia njia ya kazi anayoiweza ni haki, kwani akili ni talenta ya Mungu, haifai kuzikwa. Je, katika parokia zetu, mwalimu mkimbizi tumempa chaki, ao unga tu?