Usisubiri Ua la Mkonge



Kijana mwenzangu, kama umewahi kupanda basi la kutoka Dar kwenda Moshi au Arusha, hii njia unaijua. Unapita Mkata, unapita Kabuku, unafika Segera ambapo barabara ya Tanga inachepuka, halafu Korogwe. Ukiangalia dirishani, sehemu kubwa ni mkonge. Mistari imenyooka, majani ni ya kijani kinachokaribia rangi ya majivu, na hapa na pale mlingoti mmoja umesimama juu kuliko mingine yote. Wengi wetu tunaupita tukichezea simu. Leo naomba tushuke kidogo tuutazame, kwa sababu mmea huu umenielewesha jambo ambalo nililisoma miaka mitatu darasani na bado halikuingia.

Nianze na kijana mmoja wa Mkata, pale njia panda ya kwenda Handeni mjini. Ni dereva bodaboda. Zamani alikuwa mtumishi wa altare, amemaliza chuo, ajira hajapata. Tukiwa njiani akaniambia: "Frateri, mimi saa hizi siishi, nasubiri. Nikipata kazi, nikajenga, nikaoa, hapo ndo ntatulia na Mungu. Kwa sasa hata nikija kanisani, nitamwambia nini?"

Nikamjibu kisomi. Nikamweleza kuhusu Aristotle, kwamba kila kitu kina kazi yake na lengo lake, na binadamu pia ana lengo lake. Alinisikiliza kwa heshima, tukafika, akapokea nauli, akanitakia siku njema. Basi, ikaishia hapo.

Ukweli ambao sikumwambia ni kwamba hata mimi nilikuwa nasubiri.

MZEE ALIYENIULIZIA

Nilikuwa nimetumwa kwa uzoefu wa kichungaji katika parokia moja upande wa Korogwe. Katekista wa kigango akaniambia kuna mzee anaumwa, anakaa kwenye nyumba za kambi ya zamani ya mkonge, ningefanya vizuri nikienda kumwona. Alikuwa mkata mkonge maisha yake yote. Nikasema sawa, nitaenda.

Wiki ya kwanza sikwenda. Wiki ya pili sikwenda. Sababu yangu ilikuwa nzuri tu kwa kuisikia: mimi sio padre. Siwezi kumwungamisha, siwezi kumpa Mpako wa Wagonjwa. Nikienda, nitampelekea nini? Padre ameshampelekea sakramenti, inatosha. Mimi siku yangu itakuja, nikishapadrishwa nitawatembelea wagonjwa mpaka nichoke.

Nilipokwenda wiki ya tatu, nilikuta turubai limefungwa uani na watu wamekaa msibani.

Bibi, mkewe, alinipokea vizuri. Hakunilaumu hata kidogo. Alisema tu: "Alikuwa anakuulizia, yule Frateri atakuja lini? Macho yake yalikuwa hayaoni tena, na mimi kusoma sijui. Alitaka mtu wa kumsomea Injili na kusali naye rozari jioni."

Yaani hakuhitaji upadre wangu wa kesho. Alihitaji macho yangu ya leo. Macho nilikuwa nayo, rozari ilikuwa mfukoni, na kutoka nilipokaa hadi kwake hapakuwa hata nusu saa kwa baiskeli. Kitu pekee ambacho sikuwa nacho ni imani kwamba maisha yangu yameshaanza.

KILE MKONGE UNACHOTUFUNDISHA

Siku ile ya mazishi, nyuma ya nyumba palikuwa na mkonge mmoja uliokwisha toa mlingoti. Mzee mwingine aliyekaa karibu yangu akanieleza kama mtu anayemweleza mjukuu wake.

Mkonge hautoi ua kila mwaka. Unakaa miaka mingi, saba, kumi, hata zaidi, ndipo unasukuma mlingoti mmoja unaoweza kufika mita tano au sita. Unatoa maua mara moja tu, unaacha vichipukizi vidogo vya kupandwa, halafu unakufa. Kwa mtu anayepita na basi, mlingoti ule ndio fahari ya mkonge. Lakini muulize mkata mkonge kama singa zinatoka kwenye ua. Atakucheka. Singa ziko kwenye majani. Mkonge ukishafika kama miaka mitatu, watu wanaanza kukata majani ya chini, wanafunga mizigo, wanapeleka korona kuyakamua. Mwaka unaofuata wanarudi, wanakata tena. Kamba, magunia, mazulia, vyote vimetoka kwenye majani ya kawaida, yaliyokatwa siku za kawaida. Mkulima akikaa anasubiri ua ndipo avune, amepoteza shamba zima.

Nikamkumbuka kijana wa Mkata, nikajikumbuka na mimi. Tunasubiri ua: ajira, harusi, nyumba, daraja takatifu, visa, siku ile ambayo watu wote watatuona kwa mbali kama mlingoti. Huku majani ya leo yanakauka bila kukatwa.

Na kuna jambo la pili. Katika uzito wa jani la mkonge, singa ni kama asilimia 4 tu. Ukikata kilo mia za majani, unapata kilo nne hivi za singa. Mengine yote ni maji na makapi. Kwa hiyo usikate tamaa ukiona siku yako nzima imetoa kitu kidogo: sala fupi yenye usingizi, neno moja la ukweli, msamaha mmoja uliokuuma. Watu wa mkonge wanajua kilo nne ni kitu. Na hayo makapi pia tusiyadharau. Pale Hale, wilayani Korogwe, ulijengwa mtambo wa kutengeneza gesi kutokana na mabaki ya mkonge ili kupata umeme. Kama binadamu wamegundua namna ya kutoa mwanga kwenye makapi, wewe unadhani Mungu atashindwa kufanya kitu na miaka yako unayoona umeipoteza?

MIAKA THELATHINI YA NAZARETI

Yesu anatuambia katika Injili ya Yohane kwamba amekuja ili tuwe na uzima, tena tuwe nao tele (Yn 10:10). Tukisikia "tele" tunafikiria vitu vingi. Lakini tumwangalie yeye mwenyewe aliyesema hivyo, ameishije?

Alipoanza kuhubiri alikuwa na umri wa kama miaka thelathini (Lk 3:23). Baada ya hapo ni miaka michache tu ya mahubiri, miujiza na Msalaba. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha ya Mwana wa Mungu hapa duniani ilikuwa Nazareti, kijiji kidogo, kwenye kazi ya useremala, akiwatii Maria na Yosefu. Je, miaka ile alikuwa anasubiri kuanza kuwa Mwokozi? Hapana. Alikuwa Mwokozi wakati anapiga randa mbao.

Halafu angalia Ubatizo wake mtoni Yordani. Baba anatamka kutoka mbinguni kwamba huyu ni Mwanawe mpendwa, anapendezwa naye (Lk 3:22). Tamko hili linakuja lini? Kabla ya divai ya Kana. Kabla ya mkoma hata mmoja kutakaswa. Baba anapendezwa na mtu ambaye mpaka siku hiyo, kwa macho ya kijiji, ni fundi seremala tu.

Na wewe ulibatizwa. Siku ile hukuwa na cheti chochote wala kitambulisho cha kazi. Mungu alikuita mwana kabla hujapata chochote. Kwa hiyo ukisema "nikishapata ndo ntarudi kwa Mungu", umegeuza mambo kichwa chini miguu juu. Hatuishi vizuri ili tupendwe. Tumeshapendwa, ndiyo maana tunaweza kuishi vizuri.

KAZI IKIJA, ITAKUKUTA JINSI ULIVYO

Hapa naomba nieleweke. Sisemi uache kutafuta kazi, wala sisemi ukae kimya ukionewa. Babu zetu wengi waliletwa kwenye mashamba haya kama manamba, wakitoka mbali, na maisha yao yalikuwa magumu mno. Kanisa halifundishi kwamba dhiki ya namna hiyo ni utakatifu. Tafuta kazi, omba, jifunze ufundi, ungana na vijana wenzako wa VIWAWA muanzishe kitu. Ninachosema ni kwamba kazi haitakuletea maana ya maisha. Wewe ndiye utakayeipelekea kazi maana, au utaikosa hata ukiwa na ofisi yenye kiyoyozi.

Mfano tunao karibu, na Kiswahili kilikuwa lugha ya mji wake. Floribert Bwana Chui wa Goma, mashariki ya Kongo, alizaliwa mwaka 1981. Alisoma sheria, akapata kazi ambayo vijana wengi wangeiota: ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa zinazoingia mpakani. Hakuwa amekaa muda mrefu kwenye kazi hiyo alipoanza kupewa rushwa ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Alikataa. Alijua chakula kile kitaliwa na watu wa Goma, maskini kwanza. Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma.

Unajiuliza ujasiri ule aliupata wapi? Sio siku ile alipowekewa pesa mezani. Kabla ya hapo, akiwa mwanafunzi, alikuwa katika Jumuiya ya Sant'Egidio, akitumia muda wake na watoto wa mtaani, akiwafundisha, akihakikisha wanarudi shule. Majani yalikuwa yanakatwa siku nyingi. Ua lilipokuja, ambalo kwake lilikuwa kifodini, lilikuta mtu aliyekwisha zoea kujitoa. Angekuwa amesema "nikipata kazi ndo nitaanza kuwa mkristo wa kweli", kazi ingekuja, na rushwa ingekuja nayo.

TUFANYE NINI?

Nikupe mambo manne tu, ambayo na mimi najaribu.

Kwanza, asubuhi kabla hujashika simu, fanya ishara ya msalaba na umwambie Mungu: siku hii ni yako na ni yangu. Sekunde kumi zinatosha kuanza.

Pili, kazi uliyonayo leo ifanye kama kazi ya Nazareti. Bodaboda, endesha kwa usalama na rudisha chenji kamili. Mwanafunzi, soma. Anayeuza machungwa stendi, usifiche mabovu chini ya mfuko.

Tatu, tafuta mtu mmoja. Handeni wanajua shida ya maji; kwa miaka mingi wametegemea maji yanayosukumwa kwa mabomba kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe, na siku yasipofika, madumu yanapanga foleni. Namfahamu binti mmoja wa jumuiya huko ambaye akienda kuchota, dumu moja ni la bibi jirani asiyeweza kutembea. Hajawahi kupiga picha. Hilo ni jani, na lina singa.

Nne, nenda kaungame. Wengi tunasubiri kwa sababu tunaona aibu ya majani tuliyoacha yakauke. Mimi niliungama habari ya yule mzee. Padre hakuniambia ni jambo dogo. Malipizi aliyonipa ni kwenda kwa bibi, mkewe, kusali naye rozari. Nilikwenda. Nilipomaliza akaniuliza: "Na kesho utakuja?" Nikaenda na kesho, na siku nyingine nyingi, mpaka nilipoondoka parokia ile.

Mwaka 1893, Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche 1000 ya mkonge kutoka Florida. Safari ilikuwa ndefu, mingi ikafa, na iliyofika hai kwenye pwani yetu ilikuwa 62. Mashamba yote uliyoyaona dirishani yalianzia kwenye hiyo michache. Kwa hiyo usihesabu ilivyokufa. Hesabu iliyobaki, ipande leo.

Maswali ya kujitafakari: Ni kitu gani nasema nitamfanyia Mungu "nikishapata"? Kipande gani cha kitu hicho naweza kukifanya wiki hii? Nani ananiulizia, na mimi sijaenda?

Tusali. Ee Yesu wa Nazareti, uliyempendeza Baba ukiwa na randa mkononi, utuponye na ugonjwa wa kusubiri. Utupe macho ya kumwona anayetuhitaji leo, na miguu ya kwenda kabla turubai halijafungwa. Uwapokee wazee wetu waliochoka na jua la mashambani, uwape pumziko. Mwenye Heri Floribert, utuombee. Amina.

Yule kijana wa Mkata tulionana tena. Safari hii sikumwambia habari za Aristotle. Nilimsimulia habari za mzee. Alinyamaza muda mrefu, pikipiki ikiwa imezimwa. Halafu akasema: "Frateri, Jumapili Misa ya kwanza inaanza saa ngapi?"