Pampu ya Sadaka Ikivunjika, ni Juu ya Nani?

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wa upande wa Msambweni suala ambalo twaona lastahili kujibiwa hadharani, kwani si lao peke yao. Wasema: Mhisani wa ng'ambo ametuchimbia kisima na kututilia pampu ya mkono kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, sasa kamati ya maji yatutoza pesa kila mwezi. Je, huku si kuuza maji ya Mungu? Na pampu ikivunjika, si haki aitengeneze yule yule aliyeileta?

Hapana shaka kuwa kutoa maji ni katika sadaka zilizo bora. Imepokewa kwamba Saad bin Ubada (R.A.) alipofiwa na mamake alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya sadaka iliyo bora, akaelekezwa kwenye maji, naye akachimba kisima kwa ajili ya mama huyo. Na Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma huko Madina, ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa, akakitoa kwa Waislamu wote. Basi hatumkatai mwenye kuchimba, awe ametoka Ghuba au Ulaya, Muislamu au asiye Muislamu. Mwema hushukuriwa kwa wema wake.

Walakini mambo haya hayakuanza jana katika Kwale yetu. Mwaka 1983 Serikali ya Kenya, kwa fedha za Sweden, na pamoja na Umoja wa Mataifa, Benki ya Dunia na chama cha KWAHO, ilianza kuzijaribu pampu za mkono katika pwani hii ya kusini. Pampu za zamani zilikuwa za vyuma vizito. Ikiharibika moja, watu hungoja gari lije na vyombo vya kunyanyulia mabomba, na gari hilo huenda lisije mpaka msimu ukapita. Katika majaribio hayo ndipo ikakuzwa pampu iitwayo Afridev, ambayo jina lake limetokana na Afrika na maendeleo. Sehemu zake za ndani huvutwa kwa juu bila ya kung'oa bomba, na spana moja yatosha kuifungua. Wanawake wa vijijini wakafundishwa kuitengeneza, zikaundwa kamati, na ikachangwa mifuko ya pesa za vipuri. Pampu hiyo iliyolelewa Kwale hivi leo yatumika katika nchi nyingi za Afrika, na hata Asia. Sisi twajisifu kwa mengi yasiyo na faida, na hili hatulitaji!

Waliofanya kazi ile walifahamu kwamba kipawa chenyewe si chuma. Kipawa ni kuwa mama wa kijijini aweza kukifungua chuma hicho asubuhi na watu wakateka maji adhuhuri. Na pale pampu iliposimama miaka, mara nyingi haikuwa kwa ubovu wake. Ni kwa kuwa mfuko haukuchangwa, au ulichangwa ukaliwa. Kipande cha mpira cha thamani ndogo hukosekana, nao wanawake hurudi kwenye dimbwi, na watoto hurudi na kichocho, maradhi ambayo watu wa Msambweni hawana haja ya kuelezwa. Kisha huja mhisani mwingine, akachimba kisima kipya karibu na kile kilichokufa, akasimamisha jiwe la marumaru lenye jina lake, zikapigwa picha. Suratul Baqara imetuonya juu ya sadaka inayobatilishwa kwa masimango. Sijui jiwe lile lina umbali gani na masimango, hilo tumwachie mwenye nia yake.

Sasa tuje kwenye hukumu. Maji yakiwa katika chimbuko lake watu ni washirika ndani yake, na hadithi ya ushirika katika maji, malisho na moto ni mashuhuri. Lakini kamba si maji, wala ndoo si maji, wala pampu si maji. Kinachotozwa na kamati ni gharama ya chombo na ujira wa fundi. Mafakihi wamesema kuwa mapato ya wakfu kwanza hutumiwa katika kuuimarisha wakfu wenyewe, hata kama mwenye kuuweka hakulitaja sharti hilo. Wazee wetu walilijua hili bila ya kufundishwa na mgeni: waliujenga msikiti, kisha wakauwekea minazi ya wakfu, ili nazi zake ziezeke paa na kuwasha taa. Kisima bila ya mfuko ni msikiti usio na mnazi.

Kwa hiyo mhisani hadaiwi matengenezo. Alichotoa kimekwisha kutoka mkononi mwake. Lakini akija kuuliza mwataka nini, msione haya kumwambia: visima tunavyo, tusaidie vipuri. Thawabu ya sadaka yenye kuendelea imefungamana na kuendelea kwake. Na tangu mwaka 2014 liko katika Kwale shirika la mafundi, FundiFix, lililotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, ambalo hutengeneza pampu kwa ada ya mwezi. Wako walionung'unika kuwa hiyo ni biashara. Naam, ni biashara, na ujira wa kazi ni halali.

Ama mjane asiye na kitu, kumfukuza kisimani ni dhulma, na mpita njia vile vile hatozwi kwa funda la maji. Hapa ndipo matajiri wa Ukunda na Diani wanapotakiwa. Zaka haitiwi katika pampu, kwa kauli ya jamhuri ya wanazuoni, kwani lazima imilikiwe na mtu. Lakini yule mjane ni mwenye haki nayo, basi apewe mkononi mwake, naye alipe ada kama jirani zake, bila ya kuinamisha kichwa.

Kwa hivyo, ndugu zetu mliouliza, lipeni. Na hesabu isomwe mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa, pesa ngapi zimeingia na zimetoka kwa nani. Na yule mama aliyefundishwa kuifungua pampu yenu alipwe ujira wake kamili. Asiambiwe kuwa yeye thawabu zamtosha, hali fundi mwanamume alipwa pesa taslimu.